Kumpiga Picha Kipepeo: Mwongozo kwa Asiyejua Anachojitafutia

Hongera. Kati ya mambo yote ambayo mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kuyafanya siku ya mapumziko, wewe umechagua kumfuata majanini mdudu mwepesi kuliko risiti ya kamera uliyomnunulia. Mwongozo huu ni wako. Umeandikwa kwa kudhani kwamba unakwenda Amani, wilayani Muheza, kwenye Milima ya Usambara Mashariki, kwa sababu vipepeo wa huko ni wengi na njia zake zinateleza. Kama uko karibu na Msitu wa Arabuko-Sokoke, au Jozani, au uani kwako Mbezi, utaratibu ni uleule, ila uani kwako hakuna kiingilio. Fuata hatua zote bila kuruka hata moja. Hazitakuletea picha, lakini utajua ulikwamia wapi.

Kwanza, amka mapema. Kipepeo hutegemea jua limpashe misuli ndipo aruke. Saa moja na nusu, saa mbili asubuhi, utamkuta ametandaza mabawa juu ya jani, anaota jua, mzito, hana haraka na mtu. Hapo ndipo picha nzuri zinapopatikana. Kila mpiga picha anaijua kanuni hii, na kila mmoja huwakumbusha wenzake usiku wa kuamkia safari, kwa msisitizo. Asubuhi ni habari nyingine. Kuna chai. Kuna chapati ambazo si vizuri kuziacha zikapoa. Yule wa bodaboda aliyesema yuko njiani bado anatafuta kofia. Mtafika msituni saa nne, vipepeo wamekwisha kupata moto, wanawapita juu ya vichwa bila hata kuwasalimu. Na ukijitahidi ukafika mapema kweli, utakuta ukungu, maana Amani ndiko kwao ukungu, na kipepeo haruki penye ukungu. Beba sweta, na usimlaumu wa bodaboda.

Pili, pita ofisini. Usidhani msitu ni msitu tu. Hifadhi ina lango lake na malipo yake kule Sigi, mahali ilipoishia reli ya Wajerumani, na hapo mambo ni mepesi: unalipa, unapewa stakabadhi, unapita. Ugumu uko vijijini. Ukitaka kuzunguka mashambani, ambako ndiko vipepeo wanakopenda kuliko msituni kwenyewe kwenye kiza, nenda kwanza ofisi ya serikali ya kijiji ukasaini kitabu cha wageni. Kitabu kina safu ya jina, unakotoka, sababu ya ujio, na sahihi. Kwenye sababu usiandike “kupiga picha vipepeo.” Ni kweli, lakini haiaminiki. Mwenyekiti atakutazama wewe, atatazama kamera, atatazama viatu vyako, kisha ataanza kufikiria madini. Andika “utafiti.” Hakuna atakayeuliza utafiti wa nini, maana Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti hapa mwaka 1902, na tangu hapo wenyeji wamezoea kuona watu wazima wakiinama kwenye vichaka kwa mshahara. Lakini ujue kwamba mwaka ujao ukirudi utaulizwa matokeo yako wapi.

Vifaa visikuumize kichwa. Lenzi ya makro ya milimita 100 inatosha. Simu nzuri nayo inatosha, mradi ukubali kusogea mpaka kipepeo aione pua yako. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Kabla hujaukunjua mguu wa pili kipepeo atakuwa Korogwe. Beba betri ya akiba iliyochajiwa. Najua utabeba ile nyingine.

Sasa mkaribie. Nenda polepole, shuka chini, mfikie kwa upande ambao kivuli chako hakitamwangukia, maana kipepeo anaweza kumvumilia binadamu lakini kivuli kinachosogea hakivumilii: kwake kivuli ni ndege, na ndege ni mwisho wa habari. Usawazishe uso wa lenzi na mabawa ili yote yawe kwenye fokasi, si jicho tu na kipande cha mguu. Usipumue kwa nguvu. Piga goti. Kabla ya kupiga goti, tazama mahali unapolipigia, kwa sababu kuna siafu, na siafu hawang'ati papo hapo. Hupanda kwanza kimya kimya mpaka wakafika mahali pazuri, ndipo wakaanza kwa pamoja. Ukiwakwepa siafu utapigia goti upupu. Katika hali zote mbili utacheza ngoma ambayo watoto wa kijiji wataielezea kwa miaka, na hawatakuwa wametia chumvi.

Tuseme umefika. Kipepeo yuko mbele yako, mabawa wazi, rangi zote nje. Atayafunga. Vipepeo wengi wa msituni wana mabawa mazuri juu na upande wa chini uliofanana na jani kavu, na hilo jani kavu ndilo utakalolipiga picha. Subiri. Usiondoe jicho. Utaondoa jicho ili utazame kwenye kioo kama picha ya jani kavu imetoka vizuri, na hapo ndipo atakapoyafungua, mara moja tu. Hakuna dawa ya hili.

Kuna njia fupi, nayo wapiga picha wazoefu huijua na hawaisemi. Wale vipepeo wakubwa wenye nguvu wa jamii ya Charaxes, ambao ukiwaona kwenye kalenda unadhani maisha yao ni maua na umande, maua hawana habari nayo. Wanapenda ndizi zilizooza. Chukua ndizi zilizoiva kupita kiasi, ziponde, zimwagie tembo, zifunike siku mbili tatu mpaka wenye nyumba waanze kuulizana, kisha zipake kwenye shina la mti penye mwanga. Watashuka. Watakunywa mpaka walegee, na mlevi ni rahisi kupigwa picha. Na kuna kitu wanachokipenda kuliko ndizi: kinyesi, hasa cha mnyama anayekula nyama. Kinyesi cha ngawa ni karamu, na cha mbwa wa kijiji pia hupokewa vizuri. Hapa ndipo penye ile sheria isiyoandikwa ambayo kila mmoja anaitii: picha inakatwa chini. Anabaki kipepeo, mabawa yenye mikanda ya dhahabu, mrija umenyooka kuelekea kitu ambacho mtazamaji hatakiona kamwe, na chini yake maneno kama “Uumbaji wa Mola.” Ukiulizwa alikuwa juu ya nini, sema tawi. Kila anayekuuliza anajua kwamba si tawi.

Halikadhalika kwenye tope. Pembezoni mwa kijito, au palipopita ng'ombe akajisaidia haja ndogo, utakuta vipepeo kumi, ishirini, wamejipanga wananyonya udongo. Usilete hadithi za kupendana. Wanatafuta chumvi chumvi, na karibu wote ni madume. Dume huikusanya chumvi hiyo na kumpa jike wakati wa kujamiiana, naye akaiweka kwenye mayai. Ni kijiwe cha wanaume kama kijiwe kingine chochote, tofauti ni kwamba hiki kina faida kwa familia. Wapiga picha wenye uvumilivu mdogo hujitengenezea tope lao wenyewe, bila kutumia maji ya kisima. Ukifanya hivyo hakikisha huonekani kutoka barabarani, maana kwenye kitabu cha wageni uliandika utafiti.

Basi umepata picha, na sasa utataka jina. Pole. Tanzania ina zaidi ya spishi 1,000 za vipepeo, na vitabu vikubwa viwili, cha Jan Kielland juu ya vipepeo wa Tanzania cha mwaka 1990 na cha Torben Larsen juu ya wale wa Kenya cha mwaka 1991, vyote ni vizito na vyote viko kwa mtu aliyeviazima. Anza na yule wa kawaida kabisa, rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anayepepea taratibu barabarani kana kwamba amelipia. Utasema huyu ni Danaus chrysippus. Huenda. Danaus akiwa kiwavi hula magugu ya utomvu mweupe wenye sumu ya moyo, na sumu hiyo hubaki mwilini mpaka ukubwani. Ndege akimmeza anatapika, na hajaribu tena. Ndiyo sababu hana haraka. Sasa kuna mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu kabisa, ambaye jike lake limevaa nguo zilezile ili ndege walihofie bure. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma. Mwigaji ana moja tu ukingoni. Dume la mwigaji halikuiga mtu: ni jeusi, lina mabaka meupe yaliyozungukwa na zambarau, na ukiwapiga picha wakiwa pamoja utasema ni ndoa ya mseto. Ukishayazoea haya, utakutana na Papilio dardanus, ambaye madume yake yote yanafanana, ya manjano hafifu yenye mikia, lakini majike yana sura nyingi tofauti, nyingi zikiiga vipepeo wengine wenye sumu. Wanasayansi wamemsoma huyu kwa zaidi ya miaka mia moja. Wewe utamwandika jina lisilo lake, na atatokea mtu wa kukusahihisha mbele za watu. Naye atakuwa amekosea.

Hapa wengi huishia. Wana kipepeo juu ya ua, ua lina rangi, kipepeo ana rangi, kazi imekwisha. Kama unataka kulala usingizi wako, ishia hapa na wewe.

Kama hutaki, rudi ulitazame hilo ua. Karibu kila mara litakuwa lantana. Lantana ni nzuri kwenye picha kupita kiasi: maua madogo ya rangi tatu kwenye shada moja, asali tele, vipepeo wamepanga foleni. Ilitoka Amerika ya joto, ikaletwa kama pambo la bustani, ikatoroka, na sasa inasonga mashamba na kingo za misitu kwa miba yake. Vipepeo wengi unaowaona pale wamekuja kunywa tu. Jike likimaliza kunywa linaondoka, kwa sababu haliwezi kumwachia mwanawe jani lile. Yaani umekwenda mpaka Usambara, umesaini kitabu, umeng'atwa na siafu, ukampiga picha mtu akiwa baani, ukaiandika “nyumbani kwake.” Usijali, kalenda zote ziko hivyo.

Nyumbani kwake ni mmea mwingine kabisa, na kumpata anayejua ni upi kuna kazi, kwa sababu kiwavi hachagui kama mzazi anavyochagua bia. Wengi wao hula aina moja ya mmea, au jamii moja, na pasipo mmea huo hufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na majani. Mfuate jike. Utalijua kwa mwendo wake: halitui kwenye maua, linaruka chini chini, linagusa jani, linaondoka, linagusa lingine, linarudi. Linaonja kwa miguu. Likipata jani lenyewe litakunja tumbo sekunde moja, litaacha yai moja dogo kama kichwa cha pini, na kwenda zake. Sekunde hiyo moja ndiyo picha. Wewe wakati huo utakuwa unabadilisha betri.

Haidhuru, mmea umebaki, hauruki. Upige picha basi. Utashangaa kuona kwamba kitu kisichokimbia ndicho kinachotoka vibaya zaidi. Utapiga jani, na mtaalamu wa mimea utakayempelekea atakuuliza upande wa chini uko wapi. Utarudi, utapiga upande wa chini. Atauliza majani yamekaa vipi kwenye kijiti, yanatazamana au yanapishana. Utarudi. Atataka gome, utomvu kama upo, na mmea mzima ukionekana na kitu cha kupimia urefu. Mwisho kabisa, baada ya yote, atasema bila ua au tunda hawezi kusema kitu. Mmea ulitoa maua mwezi uliopita. Utajaribu tena mwakani, na mwakani utakuta pameanguka mti.

Utafikiria kuwauliza wenyeji, na ni wazo zuri. Lakini fahamu taratibu. Toa shikamoo kwanza, uliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua, na usinyooshe kidole kwenye kichaka kabla mzee hajakuuliza shida yako. Kisha ukiuliza, “Mzee, huu mmea unaitwaje?” hutapewa jina. Utapewa kazi yake.

“Huu? Huu dawa ya tumbo, mwanangu.”

“Na jina lake?”

“Unachemsha mizizi. Mtoto akisumbuliwa na tumbo usiku, unampa kijiko.”

Ukisisitiza utapewa jina la Kisambaa, na mzee wa pili atakupa la Kibondei, na mzee wa tatu atasema hao wawili wote hawajui, kisha watabishana mpaka adhuhuri, kwa furaha kubwa. Yaandike yote matatu. Kuna kitu utakiona, nacho ni kwamba umekuwa ukimpiga picha kipepeo bila mtu kuona ajabu. Watoto walicheka kidogo, basi. Lakini ulipoanza kuinamia jani na kulipiga picha juu na chini, watu walisimama. Mtu anayepiga picha mdudu ni mgeni tu. Mtu anayepiga picha majani kwenye shamba la watu ana jambo. Ama anapima ardhi, ama anathamini mazao kwa ajili ya fidia, ama amesikia kwamba hayo majani ni dawa na anataka kwenda kuyauza Ulaya. Ukiona mwenye shamba amekuja na kukuonyesha mipaka yake bila kuombwa, jua kwamba wewe tayari ni mthamini. Usimkatishe tamaa haraka. Mwache kwanza akupe dafu.

Anayejua kweli kweli mimea hii si profesa. Ni mama anayefuga vipepeo. Gede, upande wa Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kwa wazo lisilo na mbwembwe: mkulima anayepakana na Arabuko-Sokoke akipata fedha kutokana na msitu bila kuukata, atakuwa na sababu ya kutoukata. Amani wakafuata njia hiyohiyo baadaye. Mfugaji anapanda vitalu vya mimea ya viwavi, anatega majike wachache, anakusanya mayai, anawalisha viwavi kwenye vizimba vya chandarua, na wakishakuwa pupa wanafungwa kwa pamba ndani ya boksi na kusafirishwa haraka kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, kabla hawajatoka na kupepea ndani ya ndege. Mama huyu hajui jina la Kilatini na halihitaji, lakini jani lolote ukimletea atakwambia nani analila, linaliwa changa au pevu, na kama unalitoa kwenye kivuli au kwenye jua. Hayo hayamo kwenye kitabu chako cha kuazima.

Tafakari basi hali yako. Enzi za biashara hiyo, mtoto wa Uingereza, mwezi Januari, theluji nje, aliingia kwenye nyumba ya vioo na kumpiga picha kipepeo wa Usambara kwa simu ya mama yake, karibu kabisa, akiwa amekula na amevaa soksi kavu. Picha ilitoka safi. Wewe uko Usambara kwenyewe na una picha ya jani kavu. Kisha, mwaka 2016 Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, pupa nao walihesabiwa kuwa wanyamapori hai, wakaingia kwenye katazo lilelile pamoja na nyani na twiga. Wafugaji wakabaki na vizimba vilivyojaa na soko lililofungwa. Kama ulikuwa na maswali kuhusu nani anaamua kipepeo ni kitu gani, jibu lako ni hilo, na halina ukurasa wa pili.

Pale kwenye kizimba utashawishika kudanganya. Kipepeo aliyetoka kwenye pupa asubuhi hiyo ananing'inia bila kuruka, mabawa mapya hayana hata mkwaruzo, na ukimpiga kwa pembe fulani chandarua hakionekani. Wengi hupiga, kisha huandika “msituni.” Sikulaumu, ila lipia, na umtaje mfugaji. Kuna na wengine humtia kipepeo kwenye friji apoe, wakamweka juu ya ua akiwa hajiwezi. Hao wasome mwongozo mwingine.

Turudi kwako mjini, kwa sababu ndiko utakakorudi, na ndiko kuna vipepeo uliowapita ukienda kuwatafuta. Pale uani kuna mndimu. Geuza majani machanga. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Si kinyesi, ni kiwavi wa Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi wa madoa ya manjano unayemwona juani. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali ya kukufukuza. Kwenye mtopetope mwitu wako wengine, jamii ya Graphium. Kwenye matembele yuko Acraea acerata, ambaye mama mkwe anamwita mdudu mharibifu, na kuhusu matembele mama mkwe ana haki yake. Kwenye mijohoro na jamaa zake kuna wa manjano hafifu, Catopsilia, na mbarika wa jalalani nao una wapangaji wake. V. G. L. van Someren, daktari wa meno wa Nairobi, aliyelipwa kutazama vinywa vya watu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutazama vinywa vya viwavi, na mwaka 1974 orodha yake ya mimea wanayokula viwavi wa Afrika Mashariki ikachapishwa. Ukiisoma utagundua jambo la kuudhi: sehemu kubwa ya mimea hiyo ndiyo tunayoiita magugu.

Na magugu yana siku yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Fyekeo zitatoka, mitaro itasafishwa, na kwa kuwa nguvu zimebaki, kila kilichoota bila ruhusa kitashushwa mpaka udongo uonekane. Mawe yatapangwa, yatapakwa chokaa. Katikati ya udongo mtupu kitasimikwa kibao cha “Tunza Mazingira,” na mgeni rasmi atapigwa picha mbele yake. Wiki mbili baadaye utamsikia mtu yuleyule akisema vipepeo siku hizi wamepotea, sijui ni mabadiliko ya tabianchi, sijui ni minara ya simu. Usimbishie. Ukimbishia utaingizwa kwenye kamati ya mazingira, na kamati hukutana Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, jua likiwa zuri kabisa.

Picha utaikosa, hilo tulishakubaliana tangu mwanzo. Lakini nawe una ua, na una kijana anayekuja kufyeka. Mwezi huu, kabla hajaanza, geuza jani la mndimu na yale ya magugu ya ukutani uangalie upande wa chini. Ukikuta yai au kiwavi, usipulize dawa. Mpe kijana hela yake yote, na umwambie aanzie upande wa pili.